Kugawa Vikundi si Kufundisha

Wapo wahadhiri waaminio kwamba wakishatugawa sita sita wamekwisha kutusaidia. Katika vikundi vingi nilivyoketi, mwenye Kiingereza chepesi ndiye aliyenena, mwenye kompyuta akaandika, na wenzetu waliotoka vijiji vya Pwani wakatia majina yao mwishoni. Alama walizipata sawa na sisi, elimu hawakuipata.

Fikira zangu zilibadilika Ngome ya Yesu, tulikokwenda kwa ziara ya masomo. Safari hiyo kila mmoja alikabidhiwa fungu lake, na ripoti isingekamilika pasipo mafungu yote. Mmoja alipewa ujenzi ulioanzishwa na Wareno mwaka 1593. Mwingine, mazingiwa ya Waomani ya 1696 hadi 1698. Wa tatu, manowari Santo António de Tanná iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Mwenzetu mmoja, ambaye tangu muhula uanze hakuwa amefungua kinywa darasani, fungu lake lilikuwa maandishi ya Kiarabu yaliyo kwenye boriti za wakati wa Mazrui. Sisi tuliona mapambo. Yeye alikuwa amesoma chuo cha Kurani kabla ya kuja chuo hiki (neno ni hilo hilo, na sijui nani alitufundisha kuona haya kwa kile cha kwanza). Alisoma, akafasiri, akatueleza kwa Kimvita. Tukamsihi arudie, kwa kuwa tusingeweza kuandika bila yake.

Mbinu yenyewe si ngeni. Mwaka 1971 mwanasaikolojia Elliot Aronson aliijaribu na wenzake huko Austin, Texas, ambako watoto Weupe, Weusi na wenye asili ya Meksiko walikuwa wameanza kuchanganywa darasani, na uhasama ulikuwa mwingi. Kila mtoto alishika kipande kimoja cha somo. Aliyechekwa kwa Kiingereza chake ikawalazimu wenzake kumsikiliza, maana mtihani ulikitaka kipande chake.

Nitaambiwa kwamba darasa la watu mia mbili halimudu hayo. Mbona mafungu sita huandaliwa mara moja tu, vikundi vyote vikayatumia? Majadiliano nayo yafanywe kwa lugha wanayoiweza wanakikundi, hata kama ripoti itaandikwa kwa Kiingereza. Na mhadhiri amuulize yeyote kundini, asimngoje kiongozi.

Tuliporudi, mwenzetu yule aliketi tena safu ya nyuma, kimya. Kipindi kilikuwa mhadhara wa saa mbili.