Chanjo ya kichaa haizuii parvo

Majirani zangu wa Meru na Embu, tunachanganya mambo. Chanjo ambayo mbwa wetu hudungwa wakati wa kampeni za chanjo za kaunti ni ya kichaa. Ni muhimu mno, maana Kenya inalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Lakini parvo, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi, haiuzuii hata kidogo. Mtu anashika cheti, anatulia, kisha mtoto wa mbwa anaanza kutapika na kuhara damu yenye harufu nzito, na siku mbili tatu baadaye amekufa.

Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi na huingia bomani kwa viatu vya mgeni yeyote. Sabuni haiviui. Osha sakafu kwanza, kisha mwagia jiki iliyotiwa maji, uiache dakika kumi.

Chanjo ya parvo huanza mtoto wa mbwa akiwa na umri wa wiki 6 hadi 8, ikarudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afikishe wiki 16. Wengi huishia dozi ya kwanza, nayo mara nyingi huzimwa na kinga ya maziwa ya mama. Kwa kawaida chanjo hii huzuia pia distempa, ugonjwa ulioua takriban theluthi ya simba wa Serengeti mwaka 1994. Sisi tunaopakana na Hifadhi ya Meru, ambako mbwa wetu wanaweza kuwaambukiza simba, tusilichukulie jambo hili kwa wepesi.

Kaunti zikileta kampeni tena, tafadhali ziongeze na chanjo hii, hata kwa kulipia.