Kinyozi Hajinyoi



Wapendwa waamini, askari walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini ili watubu, hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasimdhulumu mtu, tena waridhike na mshahara wao (Lk 3:14). Neno hilo hunijia kila nisikiapo habari za malipo ya wabunge.

Tarehe 5 Novemba 2024, wananchi wa jimbo la Oregon, Marekani, waliulizwa kwa kura: je, iundwe tume huru ya kupanga mishahara ya gavana, majaji na wabunge wa jimbo, badala ya wabunge kuipanga wenyewe kwa sheria? Walio wengi walikataa. Wenzao wa California waliikubali tume ya namna hiyo mwaka 1990. Na mwaka 2009, hazina ilipokauka, tume hiyo iliwapunguzia wabunge mshahara kwa asilimia 18.

Kwa maoni yangu, California waliona vema. Kinyozi hajinyoi. Hata mtu mwadilifu hupimia mkono wake kwa kibaba kikubwa.

Lakini tusidhani kwamba kumnyima mbunge ujira ndiyo utakatifu. Huko New Hampshire, tangu mwaka 1889, katiba humpa mbunge dola 200 tu kwa miaka miwili. Je, mjane mwenye watoto ataweza kutumikia huko? Papa Leo XIII, katika Rerum Novarum ya mwaka 1891, alifundisha kwamba ujira umtoshe mfanyakazi kuishi. Ujira mdogo mno humfungia maskini mlango wa bunge; ujira wa kujipangia huifungulia tamaa.

Wala tume peke yake haitoshi. Kenya iliiweka yake katika Katiba ya mwaka 2010, na mwaka 2013 wabunge wakaipinga waziwazi. Sheria huweka ukuta. Dhamiri ndiyo mlinzi.

Nami paroko ninaishi kwa sadaka zenu. Kwa hiyo si haki niwe mimi peke yangu mpangaji na mkaguzi wa matumizi. Halmashauri ya walei ikiomba kuona daftari, isiombe kwa woga. Na nikisitasita kulitoa, mnikumbushe maneno haya.

Juma hili kila mmoja ajiulize: ni wapi ninapojipimia mwenyewe, pasipo shahidi?

Mungu awabariki.