Spika Zijaribiwe kwa Masikio ya Bibi



Likizo iliyopita sisi mafrateri watatu tulimtembelea mwenzetu nyumbani kwao Nkuhungu, hapa Dodoma. Baba yake alikuwa akitafuta spika za mtumba kwa ajili ya mama yake mzazi. Miguu ya bibi haimfikishi tena kanisani, na masikio yake yamepungua nguvu. Kilichobaki kwake ni Misa ya Radio Maria, na redio yake ya mezani haimtoshi.

Muuzaji alikuwa muungwana. Tuliacha fedha kwake, tukachukua jozi mbili kuzijaribu nyumbani usiku mmoja, kwa makubaliano kwamba moja itarudi. Ya kwanza ilikuwa kubwa, yenye besi nzito. Dukani ilitikisa vioo, nasi tukaipenda papo hapo. Ya pili ilikuwa ya maboksi madogo ya mbao yaliyochubuka, na bei yake ilikuwa nusu. Hiyo tuliibeba kwa heshima ya mzee tu, maana sisi tulikwisha kuamua.

Sebule yao ina sakafu ya saruji na bati lisilo na dari. Mmoja wetu alisoma Injili, tukairekodi kwa simu, kisha tukaipiga kwenye zile kubwa tulizoziweka pembeni. Tukamwuliza, “Bibi, umesikia?”

“Nasikia ngoma, wajukuu zangu. Padre anasema nini?”

Tukaongeza sauti. Akaziba masikio.

Tukaunga zile ndogo. Sauti ikatoka nyembamba, kama mtu anayesemea kisimani, tukaanza kucheka. Kumbe kosa lilikuwa letu: upande mmoja tuliunga waya mwekundu kwenye tundu jeusi. Tulipogeuza waya na kuziweka spika mbali na ukuta, zikimwelekea bibi, sauti ikakaa mahali pake. Injili ilipofika mwisho, bibi aliitikia mwenyewe kabla hatujamwuliza kitu.

Tumelitafakari jambo hilo tangu siku ile. Uzee mara nyingi huanza kuondoa sauti za juu, na huko ndiko zinakokaa herufi kama s, t, k na f. Anayezikosa hatofautishi “penda” na “tenda”. Besi ikizidi hufunika hata kidogo alichobakiwa nacho, na spika ikiwekwa kwenye kona besi huongezeka zaidi. Tena sikio hudanganyika kwa urahisi: kati ya sauti mbili, ile kubwa zaidi huonekana ndiyo bora. Ndiyo maana dukani tulipotea, ingawa masikio yetu ni mazima.

Tunaandika haya kwa sababu tunahofia kwamba parokia zetu nyingi hununua kama tulivyotaka kununua sisi. Kamati huenda mjini, husikiliza muziki badala ya somo, tena ndani ya duka badala ya kanisa, na hushangilia kishindo. Fedha zenyewe ni michango ya jumuiya ndogo ndogo, na ndani yake imo ya mama anayeuza karanga. Jumapili mama huyo anakaa benchi la nyuma na hapati neno la Injili.

Wanakwaya watatuambia kwamba besi ni uhai wa wimbo. Hatupingi. Lakini hata muziki una sauti zake nyembamba. Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa mkoa wetu huu, alifikisha ilimba na zeze hadi Ulaya. Spika inayojua besi tu huzimeza ala hizo. Naye Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, anakiri kwamba alijihesabia kosa kila mara wimbo ulipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Hata hivyo, mwishowe alielekea kukubali nyimbo zibaki kanisani. Alitaka neno lisipotee ndani yake. Aristotle alifundisha kwamba kusikia ndiko kunakochangia zaidi kupata maarifa, kwa sababu maneno hupita masikioni. Na kwa Mtume Paulo, katika Warumi 10:17, hata imani hupita njia hiyo.

Basi ombi letu kwa halmashauri za walei ni dogo. Kabla ya kulipa, ombeni spika zijaribiwe kanisani kwenu. Msomaji asome somo kwenye mimbari, kwa sauti ya kawaida. Benchi la mwisho mkaeni na mzee mmoja asiyesikia vizuri, halafu mwulizeni amesikia nini. Msimwulize kama amesikia, kwa maana kwa adabu atajibu ndiyo.

Sisi tulirudisha zile kubwa kesho yake na kumweleza muuzaji sababu. Alicheka, akasema hakuna mteja aliyewahi kumrudishia spika kwa sababu ya bibi. Laiti wateja kama hao wangeongezeka, hasa wanaotoka parokiani.