Wazee Wetu Wasiachwe Vituoni

Kila alfajiri jijini Dar es Salaam, mzee mwenye mkongojo huachwa kituoni huku vijana wakigombea mlango wa daladala. Wako wanaomlaumu kondakta peke yake. Hilo ni kosa. Kondakta anakimbizana na hesabu ya tajiri. Kwake, dakika ya kumpandisha mzee ni hasara. Mzizi wa ukatili huu ni tamaa ya faida. Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu mwaka 2003, lakini sera haina mikono. Mikono ni yetu, ndugu watumishi na walimu, tunaokaa vitini tukijificha nyuma ya gazeti. Tusimame! Na asiyetenga viti vya wazee asipewe leseni ya usafirishaji. Taifa linalowaacha kituoni waliolijenga halijui liendako.