Kabla ya Mavuno, Tuweke Maji na Sabuni

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma unakaribia, na mazungumzo yetu yote sasa ni ya majamvi, magunia na ujira wa wachumaji. Napenda kutia neno jingine, nalo ni uambukizo wa maradhi. Wako watakaosema kwamba hilo ni jambo la madaktari, si la wenye mikarafuu. Kwa heshima yao, mimi naona sivyo.

Tuwatazame wakulima wenzetu wa kahawa wa Kilimanjaro, ambao chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kilianzishwa mwaka 1933. Kwenye miteremko ya mlima huo, upande wa Siha, ipo Hospitali ya Kibong'oto, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu. Zama hizo dawa ya kuua vijidudu vya maradhi hayo haikuwako. Mgonjwa alipewa pumziko, chakula na hewa safi, akatengwa na jamaa zake. Leo dawa ziko, hutolewa bure, na kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Lakini wako waziachao dawa mara wajionapo wamepata nafuu, na vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu. Ndiyo sababu Kibong'oto, tangu mwaka 2009, imekuwa ikitibu kifua kikuu sugu pia, ambacho matibabu yake ni mazito na ya gharama zaidi. Tena mtu akiambukizwa na mgonjwa wa namna hiyo huanza na maradhi sugu, hali yeye hakuacha hata kidonge kimoja.

Hata hospitali zenyewe hazikusalimika. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 waliolazwa, wapatao 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na 7 katika nchi tajiri, hupata uambukizo mwingine humo humo. Mara nyingi njia yake ni mikono. Daktari Semmelweis aliliona hilo huko Vienna mwaka 1847: alipoamuru madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini, vifo vya wazazi vilipungua sana.

Na sisi je? Mchumaji akianguka mkarafuuni, huenda kumtazama kundi zima, tukaketi kitandani pake na kumshikashika bandeji. Kumzuru mgonjwa ni wema, wala sisemi tuuache. Twende wawili wawili, tunawe kabla na baada, na mwenye kikohozi abaki nyumbani atume salamu.

Makambini hali ni nzito zaidi. Tunakumbuka kipindupindu kilivyotusumbua Zanzibar mwaka 2015 na 2016. Maradhi haya hupita katika maji na chakula kilichoingiwa na uchafu wa choo. Tukiwakusanya watu wa vijiji mbalimbali penye kisima kimoja na pasipo choo, tunayaalika. Na msimu ukiisha kila mtu huyachukua hadi kwao.

Wengine husema, sisi twatia udhu mara tano kwa siku. Ni kweli, lakini baada ya choo na kabla ya chakula maji matupu hayatoshi, sabuni yatakiwa. Wengine hulalamikia gharama. Nawauliza: ndoo yenye bilula, mche wa sabuni na shimo la choo lililo mbali na kisima ni ghali kuliko wachumaji kuugua katikati ya msimu? Karafuu haimngoji mtu. Ikichanua juu ya mti, thamani yake imekwenda.

Kwa hiyo naleta shauri mbele ya mkutano mkuu. Kila mwanachama mwenye kambi aweke choo, sabuni na maji ya kunywa yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Mchumaji aliyekohoa wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya, na nafasi yake ya kazi asinyang'anywe. Hili la mwisho ndilo nitakalolishikilia zaidi, kwani mwenye kuogopa kukosa ujira ataficha kikohozi chake, naye hulala chumba kimoja na wenzake kumi.

Njooni mkutanoni tulizungumze.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama