MASTAA WA BUKOBA MNAUZA STIKA, WAZEE WA MULEBA WANALIPA KWA KAHAWA

Wadau, leo hakuna habari ya nani kamwacha nani. Leo ni zamu ya mastaa wa mitandaoni wa hapa Bukoba, wale ambao siku hizi kurasa zao zimejaa laptopu kuliko sura zao. Majina yanahifadhiwa, ila wenyewe wanajijua, na mashabiki wao wanawajua hata kwa kivuli.

Mtindo ni uleule. Staa anakaa ufukweni, ziwa nyuma, juisi mbele, laptopu inang'aa mezani. Imefunguliwa, haijawashwa. Chini kaandika: "Mashine mpya mjini, Core i7, ina akili mnemba, wahi yako." Mtu akiuliza bei anaambiwa njoo inboksi. Akiuliza ni i7 ya mwaka gani, kimya. Akiuliza mara ya pili anapigwa bloku.

Kuna dada mmoja, anajulikana kwa mavazi, na kwa mavazi hana mpinzani mjini hapa, apewe haki yake. Huyo alitangaza laptopu za duka moja kwa wiki nzima, kila siku "toleo jipya, toleo jipya". Ukiivuta ile picha unaona maandishi chini ya kioo: EliteBook 840 G3. Hiyo HP ni ya 2016. Wakati inatoka, watoto wanaomaliza kidato cha nne sasa hivi walikuwa shule ya msingi, wengine hawajajua hata kujumlisha kwa kubeba. Mpya kwa nani sasa?

Nchi nzima inawatania watu wa Kagera kwa unshomile, na ukweli wapo wanaoupenda huo utani kuliko wanaowatania. Mtu kupiga picha na laptopu asiyojua kuiwasha haina shida, mjini kila mtu anaishi anavyojua. Shida inaanza pale sifa za ufukweni zinapopanda Hiace na kushuka Muleba.

Chukua huyu dogo wa Kamachumu. Kamaliza kidato cha sita, kapata chuo Mwanza, uhasibu. Simu yake ndogo, lakini posti za yule dada alikuwa hazimpiti. Akamwambia mzee wake kwamba chuo bila i7 ni kwenda kuaibika. Mzee hana hela, ilikuwa Oktoba, kahawa ndiyo kwanza maua. Basi akafanya kitu ambacho viongozi wa mkoa wamepiga marufuku miaka nenda rudi na bado kipo: akauza butura. Kwa wasiotoka huku, butura ni kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Mnunuzi anakupa hela leo kwa bei ya kutupa, msimu ukifika kahawa ni yake, wewe unabaki kupalilia. Zikapatikana laki tisa. Laptopu ikachukuliwa kwa laki nane na nusu, hamsini ikawa nauli ya dogo.

Ilikuwa i7 kweli, dada hakudanganya stika. Ndani ilikuwa i7-6600U.

Hapa ndipo mastaa wanapoacha kusoma, kwa hiyo wengine wasome kwa ajili yao. Hiyo prosesa Intel waliitoa 2015 na ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Mwaka 2017 Intel hao hao wakatoa i5-8250U yenye viini vinne. Maana yake i5 ya 2017 inaichapa i7 ya 2015 kwenye kazi nyingi za kawaida, na mtumbani mara nyingi haina bei ya kutisha, kwa sababu wanunuzi wanakimbilia neno i7. Namba ya 3, 5 au 7 inakwambia daraja la prosesa ndani ya kizazi chake. Kizazi chenyewe kinasomwa baada ya kistari: i7-6600U ni kizazi cha sita, i5-8250U cha nane, i5-10210U cha kumi, i5-1135G7 cha kumi na moja. Dogo yeyote aliyefaulu hesabu za darasa la pili anaweza kusoma hivyo. Muuzaji anajua, ndiyo maana kwenye tangazo anaishia kwenye i7 na kuweka alama ya moto.

Na hata hilo jina la i7 lenyewe, Intel walishaanza kuliweka pembeni. Desemba 2023 walileta laptopu za Core Ultra, herufi "i" ikaondoka. Kwa hiyo anayepiga kelele "mpya, Core i7" ajue kwamba mara nyingi anatangaza jina la juzi kama la kesho.

Turudi kwenye mashine ya dogo, maana uchungu wenyewe bado. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft walisitisha masasisho ya bure ya Windows 10. Windows 11 nayo ina masharti: RAM isipungue GB 4, nafasi GB 64, chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, ukiondoa vichache, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Kizazi cha sita hakimo kwenye orodha. Microsoft wametoa muda wa nyongeza kwa watu wa majumbani watakaojiandikisha, hadi Oktoba 2026. Kozi ya dogo ni miaka mitatu. Mzee kauza kahawa ya mwaka mzima kununua mashine ambayo mwenye programu yake alikuwa anaifungia mlango mwezi huohuo.

Atatokea fundi aseme Windows 11 inaingia tu, kuna njia ya kupita. Ndiyo, ipo. Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti hawaiahidi masasisho. Kwa mtu wa kuangalia muvi sawa. Kwa anayekwenda kuweka humo nywila ya benki na ripoti zake za chuo, ni bahati nasibu.

Mtu ajiulize kwa nini mitumba ya kizazi cha sita na cha saba imekuwa mingi hivi ghafla. Maofisi ya Ulaya na Marekani yanabadilisha mashine kwa sababu hiyohiyo ya Windows. Wanazitoa kwa mafungu, zinazunguka, nyingine zinaingilia Dar, nyingine watu wanavuka Mutukula kuzifuata Kampala. Hakuna ubaya kwenye mtumba. Nusu ya ofisi za mjini hapa zinaendeshwa na mtumba na kazi zinakwenda. Ubaya ni kuuita mtumba "toleo jipya".

Sasa kuna kundi la pili, na hili linajiona limeendelea. Kuna MC mmoja, harusi zote kubwa za mjini na Muleba ni zake. Yeye kweli ana mashine mpya, imetumwa na ndugu kutoka nje. Siku hizi kila akishika maiki lazima aitaje: laptopu yake "inafikiria yenyewe", na anayetumia laptopu ya kawaida "amebaki enzi za taipureta". Ukumbi unacheka. Vijana walioko pembeni wanaosubiri pilau hawacheki, wanapiga hesabu ya mkopo.

Laptopu anazozisema zipo, na ni nzuri. Mei 2024 Microsoft walitangaza kundi la laptopu walizoziita Copilot+ PC. Ili iingie kwenye kundi hilo lazima iwe na chipu ya pembeni ya akili mnemba yenye uwezo wa kupiga hesabu trilioni 40 kwa sekunde, RAM GB 16 na diski GB 256. Za kwanza zilikuja na Snapdragon, na sifa yao kubwa kwa mtu wa Kagera wala si akili mnemba, ni betri kukaa. Mkoa huu miaka mingi umekula umeme wa laini kutoka Masaka, Uganda, na kila mtu anajua ukikatika unarudi unapojisikia. Hapo MC angesema betri, angesikilizwa.

Ila akili mnemba wanayoitumia vijana kila siku, ile ya kuandikia barua ya kuomba kazi na kutafutia majibu ya asaimenti, inafanyika kwenye mitambo mikubwa ya kampuni huko mbali. Inakuja kwa intaneti. Simu yenye bando inaipata, laptopu ya kizazi cha nane inaipata, na ile ya MC inaipata hivyohivyo. Bando likiisha, "inayofikiria yenyewe" nayo kwa hayo inanyamaza. Hiyo chipu ya pembeni inasaidia vitu kama kusafisha sauti na picha ya kamera kwenye mikutano bila kula betri. Kuna programu zitakazoitumia zaidi huko mbele. Kumwambia mtoto wa Nshamba akope milioni tatu leo kwa ajili ya hayo ni uchokozi.

Kingine ambacho MC hawezi kukitaja kwa sababu hajawahi kuifungua: laptopu nyingi nyembamba za sasa RAM yake imeunganishwa moja kwa moja kwenye bodi. Intel Core Ultra 200V za 2024, RAM iko juu ya prosesa yenyewe, GB 16 au 32, ulichonunua ndicho utazeeka nacho. MacBook Air zenye chipu za Apple nazo ndivyo zilivyo. Ile EliteBook ya 2016 inayochekwa, fundi wa Kashai anafungua skrubu, anaongeza RAM, anabadilisha diski, unaondoka nayo mchana uleule.

Wapo wanaohitaji mashine mpya kikweli na hawana haja ya kumwomba mtu radhi. Anayehariri video za harusi, anayechora ramani za nyumba, anayetengeneza muziki. Kwao saa mbili zinazookolewa ni hela. MacBook Air ya M4 ilipotoka Machi 2025 ilianzia dola 999 Marekani, kwa kiwango cha wakati ule ni zaidi ya milioni mbili na nusu kabla ya usafiri. Mpiga video mwenye harusi kila Jumamosi anairudisha. Mhasibu wa mwaka wa kwanza anaandika Word na Excel.

Mashabiki watasema huu ni wivu, dada wa watu anatafuta riziki. Atafute. Hakuna aliyemkataza kula kamisheni. Akitangaza kitenge, mnunuzi anakishika, anakivuta, anaona rangi inavyotoka. Laptopu haishikwi hivyo. Mzee wa Kamachumu hawezi kuishika prosesa. Alichonacho ni neno la staa tu, na staa kalipwa kwa hilo neno bila kusema kalipwa. Kuandika "hili ni tangazo" kunachukua sekunde tatu. Kuandika namba nzima ya prosesa ni sekunde tano.

Mpaka watakapoanza kuandika, mnunuzi ajisaidie dukani, na muuzaji akikataa aondoke. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, prosesa itajitaja yenyewe na namba zake zote. Stika inabandikwa na mtu, ile haibandikwi. Kisha Windows na R tena, andika tpm.msc, uone kama kuna 2.0. Kwa betri fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, kompyuta itakuandikia faili na kukwambia imeliweka wapi. Lifungue, linganisha "Design Capacity" na "Full Charge Capacity". Kama ya pili ni nusu ya ya kwanza, betri imeshazeeka, bei ishuke. Betri ya dogo wa Kamachumu inakaa dakika arobaini. Anasomea karibu na soketi kama mgonjwa wa dripu. Akiwa mjanja ataweka Linux Mint, ni ya bure, inaikubali mashine hiyo bila masharti ya Microsoft, na LibreOffice inafungua Word na Excel. Hiyo nayo hakuna staa aliyewahi kuiposti. Haina kamisheni.

Siku hizi wauzaji wana wimbo mwingine, "RAM zimepanda dunia nzima, nunua sasa". Hili lina ukweli. Tangu mwishoni mwa 2025 viwanda vinapeleka chipu nyingi kwenye mitambo ya akili mnemba, na tarehe 3 Desemba 2025 Micron walitangaza kuachana na Crucial, chapa yao ya RAM na SSD za watu wa kawaida. Bei zimepanda kweli. Lakini mashine iliyoingia dukani mwaka juzi na RAM yake ndani haikupanda usiku, kaipandisha mwenye duka.

Dada wa mavazi, ile posti ya "toleo jipya" bado ipo kwenye ukurasa wako na mtu wa Izigo kauliza bei jana saa mbili usiku. Andika 840 G3, andika kizazi cha sita, andika 2016, halafu mwache aamue kama bado anaitaka.