Samaki wa Karatasi Si Mchezo Mtupu

Wako wazazi wengi ambao, mtoto wao wa miaka minne anaporudi kutoka darasa la chekechea na kasa wa karatasi mkononi, humwuliza kwa masikitiko: "Kwani leo hamkusoma?" Swali hilo laonekana dogo, lakini ndani yake umo msimamo mzima juu ya elimu ya watoto wadogo, nao ni msimamo ambao sisi hatukubaliani nao. Tunapenda kueleza leo, bila kuficha neno, kwamba mtoto aliyekunja, akakata na kubandika kasa wake kwa mikono yake mwenyewe amesoma. Tena amesoma somo ambalo mwambao wetu unalihitaji sana.

Jambo hili si geni wala si la anasa. Mwaka 1837 Friedrich Fröbel alifungua huko Ujerumani shule ya watoto wadogo ambayo ndiyo asili ya madarasa ya chekechea yaliyoenea duniani, na miongoni mwa kazi alizowapa watoto zilikuwamo kukunja, kukata na kusuka karatasi. Alitambua kwamba mtoto hufikiri kwa vidole kabla hajaweza kufikiri kwa kalamu. Wala sisi hatukuwa tukingoja habari hiyo itoke Ulaya. Bibi zetu walimketisha mjukuu kando ya mkeka, wakampa miyaa michache, wakamwonyesha jinsi ya kupitisha mmoja juu na mwingine chini mpaka ukili ukatokea. Watoto wa pwani wamejitengenezea vishada vya karatasi na ngalawa za vifuu tangu zamani. Karatasi na mkasi darasani ni mwendelezo wa desturi hiyo hiyo.

Tuangalie kwanza kile ambacho mikono hujifunza. Mwalimu akimpa mtoto kipande cha karatasi na kumwambia akikunje katikati, zinapatikana sehemu mbili. Akikunja tena, zinakuwa nne. Akikunja mara ya tatu, zinakuwa nane. Akifungua na kukata kufuata mikunjo hiyo bila kufika juu, mbele yake yupo pweza mwenye mikono minane kamili. Mtoto huyo hakukariri kitu, lakini amekwisha kuonja hesabu ya kuzidisha. Akikunja karatasi nyingine mara moja na kukata nusu ya kaa, atakapoifungua ataona upande wa kushoto umelingana na wa kulia, gando kwa gando na mguu kwa mguu. Na vidole vinavyokaza mkasi leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho bila kutetemeka. Wazazi wanaodai kwamba mtoto aandike upesi wangefaa kuelewa kwamba njia fupi ya kufikia mwandiko mzuri hupitia hapo.

Lakini faida tunayotaka kuitilia mkazo zaidi ni ile ya macho na ya ulimi. Mtu hawezi kutengeneza umbo la kitu ambacho hajakitazama, wala hawezi kukitazama vizuri bila kukiuliza jina. Mtoto anayetengeneza kasa hana budi kuulizwa: je, huyu ni kobe? La, si kobe. Kobe ana miguu ya kutembelea na huvuta kichwa chake ndani ya gamba. Kasa ana mapezi mapana mithili ya makasia, na kichwa chake hakiingii gambani. Tofauti hiyo ndogo ikikaa katika karatasi, imekaa katika akili. Hapo mwalimu hupata nafasi ya kueleza kwamba katika maji ya Tanzania wanapatikana kasa wa aina tano, na kwamba jike hupanda pwani usiku, akafukia mayai yake mchangani na kurudi baharini, ambako ndiko makazi yake.

Vivyo hivyo kwa papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, ambaye huonekana karibu na Kilindoni katika kisiwa cha Mafia, hasa kati ya Oktoba na Februari. Mtoto huchovya ncha ya kidole katika rangi nyeupe na kumtia madoadoa mgongoni. Anapofanya hivyo aambiwe kwamba madoa ya papa potwe mmoja hayafanani na ya mwenziwe, na kwamba watafiti huyatumia kumtambua kila mmoja, kama sisi tunavyotambuliwa kwa alama za vidole. Aambiwe pia kwamba jitu hilo halili watu, bali huchuja vidudu vidogo sana vya majini.

Na yuko bunju. Huyu hutengenezwa kwa mfuko mdogo wa karatasi: mtoto huupuliza ukavimba, akaufunga mdomo, akaubandika miiba na macho mawili makubwa. Darasa zima hucheka. Katika kicheko hicho hicho mwalimu huwaambia kwamba bunju haliwi, kwa sababu ana sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi, nayo huweza kumwua mtu. Mtoto aliyempuliza bunju wa karatasi hatamsahau akimkuta ametupwa ufukweni. Nani basi atasema kwamba somo hilo ni kupoteza wakati? Wako watu wazima waliopoteza maisha kwa kukosa kulijua.

Watoto wa Tanga nao wana utajiri wao. Mwaka 1938 dunia ya wataalamu ilishangaa silikanti alipovuliwa Afrika Kusini, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba jamii yake ilikwisha kutoweka tangu mamilioni ya miaka. Kuanzia mwaka 2003 samaki huyo alinaswa mara kadhaa katika nyavu za jarife za wavuvi wa Tanga, na mwaka 2009 ikatangazwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti. Mapezi yake yana misuli, yakatoka mwilini kama viungo vya mnyama. Ni samaki anayefaa mno kwa karatasi: kiwiliwili kimoja, na mapezi yaliyokatwa mbali mbali na kubandikwa. Ingekuwa aibu watu kutoka nchi za mbali wamjue samaki huyo kwa jina na sura, naye mtoto anayeishi hatua chache kutoka baharini asimjue.

Hapa ndipo tunapofikia lawama yetu. Yapo madarasa ambayo kazi za karatasi hufanywa, lakini hufanywa kwa namna inayoua maana yake. Mwalimu hutoa vielelezo vilivyochapwa tayari, vingi vikiwa vimenakiliwa kutoka nchi za baridi. Watoto wa mwambao wenye joto wakajikuta wanapaka rangi pengwini na dubu mweupe kabla hawajakata changu, taa wala ngisi. Kisha mwalimu mwenyewe hukata, mwenyewe hupanga, na mtoto huachiwa kubandika tu pale alipoelekezwa. Mwisho wa siku ukutani kuna samaki arobaini wanaolingana kama sarafu, na wageni husifu. Sisi tunasema hiyo ni kazi ya mwalimu, si ya mtoto. Afadhali kaa mwenye macho yaliyokwenda upande, aliyetoka katika kichwa cha mtoto, kuliko kaa mzuri aliyetoka katika mashine.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alikemea elimu inayomtenga kijana na jamii aliyotoka. Twaona kwamba onyo hilo halikuwahusu wanafunzi wakubwa peke yao. Kutengwa huanza mapema, pale mtoto wa mvuvi anapofundishwa, hata bila kuambiwa kwa maneno, kwamba wanyama wanaostahili kuwa darasani ni wale wa ng'ambo, na wale ambao baba yake huwaleta nyumbani ni wa jikoni tu.

Kuhusu vifaa, udhuru wa ukosefu wa fedha hauna nguvu. Gazeti lililokwisha kusomwa, likiwamo hili, ni karatasi. Majalada ya madaftari ya mwaka jana, maboksi na mifuko ya kaki ni karatasi. Gundi hupatikana kwa kupika uji mzito wa unga wa ngano au wa muhogo. Manjano, mzingefuri na mkaa uliosagwa hutoa rangi tatu bila kwenda dukani. Mtoto wa miaka mitatu si lazima ashike mkasi. Na achane karatasi kwa vidole, na vipande hivyo viwe magamba. Wa miaka minne na kuendelea apewe mkasi wenye ncha butu, na mtu mzima awe karibu. Na vipande virefu vya magazeti vikipitishwa juu na chini kama ukili, hupatikana samaki wa kusuka ambaye bibi yeyote wa pwani angeweza kuja darasani kumfundisha.

Tunaonya hata hivyo juu ya plastiki na chenga za kung'aa zinazouzwa kwa ajili ya mapambo. Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, na Zanzibar ilitangulia katika jambo hilo. Kasa humeza mfuko wa plastiki unaoelea akidhani ni konyeza. Kumtengeneza kasa kwa kitu kile kile kinachomwua ni kumfundisha mtoto mambo mawili yanayopingana.

Zipo hoja za upande wa pili, nazo twaziheshimu. Wengine husema kwamba wajibu wa darasa la awali ni kusoma, kuandika na kuhesabu. Tumekwisha kuonyesha kwamba mambo hayo hayagombani na karatasi. Wengine husema kwamba mtoto apelekwe baharini kwenyewe. Hao wanasema kweli, nasi twaongeza: apelekwe asubuhi kwenye diko, aone ngalawa zikirudi, amguse pweza, ahesabu mikono yake, kisha arudi darasani akatengeneze alichokiona. Bahari hutangulia, karatasi hufuata. Hoja iliyo nzito kuliko zote ni ya walimu wenyewe, kwamba mwalimu mmoja mwenye watoto wengi mno hawezi kusimamia mikasi yote hiyo. Twakiri ukweli wake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na jambo la lazima lapasa kutafutiwa watu wa kulitenda. Lakini hata sasa darasa laweza kugawanywa: kikundi kimoja kikate, kingine kikichana karatasi, na kingine kikisimuliwa hadithi, kisha wabadilishane.

Kwa hiyo tunawaomba walimu waviweke kando vielelezo vya kunakili na kuanza na samaki wa soko la jirani. Tunawaomba wavuvi na akina mama wanaokusanya pweza miambani wakubali kualikwa darasani, wakataje majina na tabia za viumbe hao, maana hakuna kitabu kinachowazidi katika jambo hilo. Vyuo vya ualimu vilihesabu somo hili kuwa kazi yenye uzito wake. Nao wazazi, badala ya kutupa samaki wa karatasi pamoja na taka, wamtundike ukutani na kumwuliza mtoto jina lake, chakula chake na mahali anapoishi.

Matumbawe yetu yamevunjwa kwa baruti miaka mingi, na nguva amekuwa adimu kiasi kwamba wapo wazee wa baharini ambao hawajamwona siku nyingi. Sheria na doria zina kazi yake. Lakini mtu huhifadhi kwa moyo kile anachokijua, na kujua huanza utotoni, kwa macho, kwa ulimi na kwa vidole. Wahenga walituusia kwamba samaki mkunje angali mbichi. Leo twaomba usia huo ufuatwe kama ulivyosemwa: mtoto apewe karatasi, naye amkunje samaki wake.